Injini Mpya Kwa Gokati ya Mtoi: Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Kama kwa plot yenu kuna gokati ya mtoi imekwama kando ya tanki ya maji, tairi zimelala, paka amegeuza siti kuwa keja, hii stori ni yako. Usiiuzie msee wa skrapu bado. Gokati nyingi huwa hazikufi fremu. Chuma iko, siti iko, stiaring ingali inazunguka. Kenye huisha ni injini, na injini ndogo Nairobi si ngori kupata. Ngori ni kujua ni gani inafaa mtoi na vile inafungwa.

Mi napenda hizi vitu, na sifichi. Mtoi wa sista yangu ana miaka 9. Gokati yake ilikuja mtumba, na nyuma ilikuwa imebeba Briggs & Stratton ya hosipawa 5, ile design ya kitambo yenye valvu zimekaa kando ya silinda badala ya juu. Hizo injini zimechapa kazi Marekani miaka mingi, kwa mashini za kukata nyasi na kwa gokati za watoi. Ni chuma za heshima. Lakini nyingi za bei ya chini silinda yake ni alumini tupu, haina slivu ya chuma ndani. Ikishalika, imelika. Na speya zake huku mtaani utazisaka mpaka viatu viishe soli.

So tuliamua kubadilisha injini nzima. Na hiyo safari ndo nataka nikupee hapa, hatua kwa hatua, ju naamini kila mtoi anafaa aone angalau mara moja kitu imekufa ikirudishwa barabara na watu wa kwao.

Hii mchezo ilianza hivi hivi

Kuna wasee hudhani gokati ni kitu ya mabwanyenye, ati lazima utoke nyumba za geti. Zii. Gokati ya kwanza yenyewe ilikuwa kazi ya kuunganisha. Mwaka wa 1956 kule California, jamaa anaitwa Art Ingels, fundi kwa kampuni ya kuunda magari ya mbio ya Kurtis Kraft, alichukua injini ndogo ya West Bend iliyotengenezwa kwa ajili ya mashini ya kukata nyasi, akaifunga kwa fremu ya paipu, akakaa, akawasha. Hapo ndo mchezo mzima ulitoka.

Cheki pia Michael Schumacher, yule Mjerumani alishinda ubingwa wa Formula 1 mara 7. Akiwa na miaka 4, budake, Rolf, alichukua kagari kake ka pedali akakafungia injini ndogo ya pikipiki. Hakukuwa na doo mingi kwa hiyo familia. Kulikuwa na mzazi anajua kushika spana.

Sasa angalia mtaa wako. Watoi wa Kayole, wa Huruma, wa Kangemi wamekuwa wakiunda tugari twa mbao na beringi za gari kwa miaka mingi, wanasukumana wakishuka mteremko. Hamu ya mbio iko tayari. Kenye inakosa ni msee mkubwa wa kukaa nao chini awaonyeshe venye injini inaingia, na venye breki inafanya.

Kwanza hakikisha imekufa kweli

Kabla uizike, ipime. Injini ndogo nyingi hutupwa na hazijakufa, ni kabureta imeziba na mafuta yamelala miezi. Toa plagi, icheki. Ikiwa nyeusi na kavu, injini inakula petroli mob kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, hapo kuna stori ingine. Osha kabureta, weka plagi mpya, badilisha filta ya hewa, jaribu tena.

Moshi nayo huongea. Moshi mweusi ni petroli imezidi. Moshi wa bluu ni oili inachomeka ndani ya silinda, ikipitia kwa ringi za pistoni ama kwa gaidi za valvu. Huo wa bluu ndo unafaa kukushtua.

Ukitaka kujua mahali imelika, pima kompreshani, mwagia oili kijiko kimoja kidogo kwa shimo ya plagi, zungusha mara kadhaa, alafu pima kompreshani tena. Ikipanda, ringi ndo zimechoka. Ikikaa vile vile, shida inaweza kuwa valvu. Na kama hauna kipimo, enda kwa msee wa pancha mwenye kompresa. Weka pistoni juu kabisa na valvu zote zimefungwa, shikilia shafti isizunguke, pulizia hewa kwa shimo ya plagi, alafu tega sikio. Hewa ikitokea mahali pa kumwagia oili, ni ringi. Ikitokea kwa egzosi, ni valvu ya egzosi. Ikitokea kwa kabureta, ni valvu ya kuingiza hewa.

Usidanganywe na wepesi wa kamba ya kuvuta. Injini nyingi za kisasa ziko na kadude kwa kamshafti kenye hufungua valvu kidogo ukivuta, ndo mkono usiumie. Kamba inaweza kuwa nyepesi na injini iko fiti kabisa.

Yetu ilitoa hewa kwa mahali pa oili, moshi bluu, na shafti ilikuwa inacheza ukiishika na mkono. Hapo hakuna maombi. Na muuaji wake alijulikana: vumbi. Filta ilikuwa imeraruka, na vumbi ya marram ikiingia kwa silinda inasaga alumini siku baada ya siku. Kumbuka hiyo, tutarudi.

Kusaka chuma

Enda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Hapo kati ya maduka ya beringi, cheni na speya za magari, kuna injini ndogo za kila aina. Ile unataka ni ya familia ya Honda GX160 ama zile za Kichina zimeiga design yake. Honda walileta GX mwaka wa 1983, na tangu hapo dunia nzima imeifuata. Valvu ziko juu, silinda ina slivu ya chuma, na speya zinapatikana mpaka kwa vitauni vidogo ocha. Hiyo ya mwisho ndo inanifurahisha zaidi. Cheki: injini ya pampu ya maji kwa shamba, injini ya kuosha gari kwa kawoshi, injini ya mashini ya kukatia ng'ombe nyasi, injini ya kutetemesha zege kwa mjengo, nyingi zao ni hiyo hiyo moja. So mtoi wako akipata injini yenye mtaa tayari unaijua, hatawahi kosa gasketi, kabureta ama kamba.

GX160 ni sisi 163, silinda milimita 68, pistoni inatembea milimita 45. Zile clone kubwa kidogo ni sisi 196, silinda ni ile ile 68 lakini pistoni inatembea 54. Kwa macho zinafanana kama mapacha, hadi mashimo ya kuzifungia ni sawa. Kwa mtoi wa miaka 9, ile ndogo inatosha na inabaki.

Ukinunua ya mkono wa pili, usipelekwe mbio na stika. Stika ya brandi kubwa inaweza kubandikwa kwa chuma yoyote. Angalia namba imegongwa kwa blok. Chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yaliingia; ikiwa inang'aa vumbi ya chuma, achana nayo. Shika shafti uitingishe juu na chini. Ikicheza, beringi zimeenda. Alafu sisitiza iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji akikuambia ameiwasha tu kabla ufike, gusa egzosi kwa umakini. Ikiwa ya moto, ngoja ipoe uanze upya. Injini mbaya ikishapata joto hujificha.

Fundi wa pale nilimkuta ni mzee ametulia, ovaroli imekula oili miaka yote. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba kijana. Unatafuta injini ya kazi gani?"

"Ya gokati, fundi. Ya mtoto wa dada yangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

Akanyamaza kidogo. "Na breki yake ikoje?"

Hakuuliza niko na doo ngapi. Hakuuliza nataka iende mbio aje. Aliuliza breki. Wasee, ukipata fundi anauliza breki kabla ya bei, kaa hapo hapo. Huyo ni fundi.

Shafti ndo hukamata watu

Hapa ndo pesa nyingi za mtaa huenda. Injini mbili zinaweza kuwa sawa kila kitu, lakini shafti ya kutoa nguvu ziwe tofauti. Ile ya jenereta mara mingi shafti yake imechongoka, haishiki klachi ya gokati hata ulie. Baadhi za pampu ziko na shafti ya nyuzi, kama bolti. Kenye unataka ni shafti imenyooka, yenye mfereji wa kii upande mmoja na shimo ya bolti kwa ncha. Hizo utazipata sana kwa mashini za nyasi na za mjengo.

Alafu pima. Beba vania yako ama omba ya fundi. Kuna shafti ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na kuna ya milimita 20. Kwa macho haziachani. Klachi ya robo tatu haiingii kwa shafti ya 20, na usikubali mtu aipige nyundo ndo iingie. Ukifanya hivo, umeharibu klachi na beringi za injini kwa wakati mmoja. Nunua klachi ya saizi ya shafti yako, basi.

Klachi yenyewe ni ile ya kujishika yenyewe. Ndani kuna viatu vidogo na springi. Injini ikiwa inapumua polepole, karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, viatu vimelala na gokati imesimama. Mtoi akikanyaga, ikifika karibu 1,800 hadi 2,200, viatu vinarushwa nje vinashika ngoma, na safari inaanza. Mtoi hana haja ya gia. Na kama gokati inataka kutembea na mguu hauko kwa pedali, kuna kitu imekosewa, zima kabla ya yote.

Kuifunga

Tulibeba fremu hadi Kariobangi Light Industries. Kama hujawahi fika, enda. Hapo ndo utajua Kenya inaundwa na mikono ya nani. Upande huu alumini ya skrapu inayeyushwa inageuka sufuria, upande ule mashini za kuchonga chuma zinalia, na kila mtu anajua jirani yake anaweza nini. Briggs yetu ya zamani ilibaki huko huko, na roho haikuniuma, ju najua haitatupwa.

Mashimo ya injini ya zamani yanaweza yasilingane na ya injini mpya. Usichomelee injini kwa fremu. Chomelea bamba nene la chuma, litobolewe mashimo marefu badala ya duara, ndo uweze kuisukuma injini nyuma na mbele ukikaza cheni. Bolti za milimita 8, nati za kujifunga zenyewe, ju injini ya silinda moja hutetemeka na nati za kawaida hulegea zenyewe.

Injini ikae sawa bin sawa, isiinamie. Ndani ya hizi injini hakuna pampu ya oili. Kuna kijiko kwa fimbo ya pistoni kenye huchota oili na kuirusha kila mahali. Ukiilaza sana, ama oili ikiwa chini, kijiko kinachota hewa, na injini inashika. Oili ni karibu lita 0.6, ya 10W-30, na ni lazima ujaze mwenyewe, ju injini mpya nyingi huuzwa zikiwa kavu. Kuna watu wamewasha injini mpya bila oili na wakaizika siku hiyo hiyo.

Cheni sasa. Laza rula ndefu kwa sproketi ya mbele na ya nyuma. Lazima zikae mstari mmoja. Cheni iwe na ulegevu wa karibu sentimita moja ukiibonyeza katikati. Ikikazwa kama waya wa gitaa, inakula beringi. Ikilegea sana, inaruka. Alafu ifunike. Cheni na klachi zifunikwe na bati nzima, si kipande. Kidole cha mtoi, kamba ya kiatu, nywele za msichana aliyesukwa, zote hupita mahali padogo. Egzosi nayo iwekewe kizuizi, ju iko karibu na mgongo na mkono wa mtoi.

Hesabu ya mbio

Wasee wengi wakifika hapa wanataka kujua injini ina nguvu ngapi. Swali tamu zaidi ni sproketi ina meno mangapi, ju hapo ndo spidi huamuliwa.

Chukua kalamu. Injini za GX ziko na gavana, kifaa cha ndani kenye huzuia zisipite karibu mizunguko 3,600 zikibeba mzigo. Sema sproketi ya mbele ina meno 10, ya nyuma 60, tairi ni sentimita 28 kwa kipenyo. Ukigawa, ekseli inazunguka mara 600 kwa dakika, na gokati inafika karibu kilomita 32 kwa saa. Hiyo kwa mtoi aliyekaa sentimita chache juu ya marram ni mbio ya kweli. Ukiweka ya nyuma meno 72, inashuka karibu 26. Ukifunga skrubu ya kuzuia waya ya mafuta ndo injini isipite 3,000, uko karibu 22. Sisi tulianzia hapo, na mtoi alikuwa anacheka mpaka anakauka koo.

Cheki tu sproketi kubwa isikaribie chini sana, isije ikagonga jiwe. Na ukitaka kutumia cheni na sproketi za nduthi, ambazo ni rahisi kupata, jua ya nyuma huwa na meno karibu 40 hivi. Ukiifunga moja kwa moja, gokati itakuwa na mbio mob na klachi itaungua ikijaribu kuondoka. Utahitaji shafti ya katikati ya kupunguza mbio mara mbili.

Alafu kuna wale watakuambia, "Toa gavana, itoke nduki." Kataa. Gavana ndo inazuia fimbo ya pistoni isikatike na flaiwili isipasuke. Vipande vya chuma vikiruka, vinaruka upande wa siti. Huyo ni mtoi wako amekaa hapo.

Breki

Yule mzee wa Grogan alikuwa sahihi. Breki inafaa kuwa ya kwanza kununuliwa na ya kwanza kujaribiwa. Kabla injini iguse fremu, sukuma gokati na mtoi ndani, mwambie akanyage. Isiposimama ikisukumwa na mkono, haitasimama ikisukumwa na injini.

Diski ya breki ya nduthi na kalipa yake inafungika vizuri kwa ekseli ya nyuma, na fundi wa nduthi yeyote anajua kuitoa hewa. Pedali ya mafuta iwe na springi 2 za kuirudisha, ndo moja ikikatika, ingine iko. Alafu weka swichi ya kuzima. Ni rahisi: waya wa koili ukiguswa na bodi ya injini, stimu inakufa na injini inazima. Moja ikae mahali mkono wa mtoi unafika, na ingine iwe ya kamba yenye msee mkubwa ameshika siku za kwanza, akitembea kando. Siku ya kujaribu, mfanyishe mazoezi ya kuzima injini mara nyingi kuliko mazoezi ya kuendesha.

Na kama doo ni kidogo, panga hivi: breki kwanza, helmeti ya pili, klachi ya tatu, injini ya mwisho. Injini inaweza kungoja mwezi ujao.

Siku ya kuwasha

Washeni nje, kwa hewa. Moshi wa petroli una gesi ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu wamelala na jenereta ndani ya nyumba. Usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Nyuma ya gokati iinuliwe kwa mawe ama stendi, tairi zikiwa hewani, ndo ukicheki klachi gokati isitoke mbio, na kusiwe na mtu mbele.

Kuna kitu ya Nairobi unafaa kujua. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huku ni nyembamba. Honda wenyewe husema nguvu ya injini hushuka karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: injini ile ile iliyo Mombasa, ikifika Nairobi imepoteza karibu moja kwa tano. Pia petroli inazidi hewa, so plagi inaweza kuwa nyeusi hata kama injini ni mpya. Dawa yake ni jeti ndogo ya kabureta, na fundi wa kabureta anaijua. Lakini ukihamia ocha ya pwani na gokati, rudisha ile jeti kubwa, la sivyo injini itachemka.

Badilisha oili baada ya masaa 20 ya kwanza ama mwezi wa kwanza, yenye itatangulia. Na ile filta nilisema tutarudi kwake: osha ama ibadilishe kila wikendi mkitoka kwa vumbi. Injini ya kwanza ilikufa kwa kipande cha sponji kilichoraruka. Ya pili isife hivo.

Mtoi aendeshe wapi

Si kwa barabara. Si kwa korido ya plot penye wamathe wameanika nguo na watoi wadogo wanatambaa. Tafuteni uwanja mpana, muombe ruhusa ya wenyewe, mpange koni ama debe tupu, mtu mmoja mkubwa asimame kila kona. Helmeti ya saizi yake, viatu vimefungwa, suruali ndefu, glavu. Ukipata nafasi, mpeleke acheki wenye wanafanya hii kitu kwa mpango, kama GP Karting pale Lang'ata Road ama Whistling Morans kule Athi River. Aone venye bendera zinapeperushwa na venye madereva wanaheshimiana kwa kona.

Na muhimu kabisa, mpee spana. Watoi hawasahau chuma wameigusa. Huyu wetu ndo alishika rula tukinyoosha cheni, ndo alihesabu meno ya sproketi, ndo alimwaga oili kwa faneli akihema polepole isimwagike. Sai akisikia nduthi ikipita na cheni inapiga kelele, anageuka kumwambia mwenyewe aikaze. Hiyo elimu hakuna darasa imempea. Alipewa na fundi wa Grogan, msee wa pancha na jamaa wa kuchomelea Kariobangi, watu wenye tunapita kila siku bila kuwasalimia.

So wasee, toeni hizo gokati nyuma ya tanki. Pimeni injini kabla mzitupe. Nunueni ile mtaa unaweza kutengeneza, pimeni shafti na vania, msitoe gavana, na msiwashe kitu chochote yenye haiwezi kusimama. Mkienda kwa fundi, muulize maswali, mlipe vizuri, na mmbebe mtoi aone kazi. Breki kwanza, kila wakati.